Mwanangu, uliniuliza kama niliogopa

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Barua hii imechelewa wiki tatu, tangu usiku ule uliponipigia simu kutoka Dodoma, ukaniambia umeng'oa unywele mweupe mbele ya kioo, kisha ukaniuliza kwa sauti ya mzaha ambayo haikunidanganya: "Mama, na wewe uliogopa ulipoanza kuzeeka?" Nilicheka tu, kwa kuwa baba yako alikuwa amekaa pembeni akisubiri chai yake, na swali lenyewe si la kujibiwa huku birika linachemka.

Niliogopa, lakini si mvi. Kilichonitisha ni jiwe la mchele. Nimechambua mchele tangu nina miaka 7, ungo magotini, vidole vinakwenda vyenyewe huku mdomo unazungumza habari nyingine. Ramadhani ya mwaka juzi mke wa kaka yako alikuja kufuturu kwetu, akatafuna jiwe, likalia mpaka jamvi zima likasikia. Alilitoa kwa adabu, akalificha kiganjani, akaendelea kula kama kwamba hapakuwa na kitu. Staha yake ile ndiyo iliyoniuma, laiti angecheka. Asubuhi yake nilitoa ungo uani penye jua, nikaona chenga na mawe vyote vina rangi moja, na siku hiyohiyo nikaenda kupimwa macho.

Kabla ya hapo palikuwa na lile joto. Lilinianza nikiwa na miaka 49, likitoka kifuani na kupanda mpaka utosini usiku wa manane, kanga ikalowa, nami nikawa nalaumu kaskazi. Ikafika Juni, kusi inavuma na Tanga nzima imejifunika shuka, mimi ningali nafungua madirisha. Katika zahanati moja niliambiwa, bila hata kutazamwa usoni, kuwa "ni utu uzima huo, mama," nikapewa vidonge vya maumivu ilhali sikuwa na maumivu. Baadaye daktari mmoja mwanamke alinikalisha akanieleza kwamba wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, kwamba mtu huhesabiwa amekoma akishapitisha miezi 12 mfululizo bila kuiona, na kwamba tangu hapo mifupa huanza kupungua nguvu, kwa hiyo nisiache kutembea wala kula dagaa. Nakuandikia haya waziwazi kwa sababu mimi sikuambiwa na mtu. Somo yangu alinifunda siku saba namna ya kuingia katika jambo hili, na hakusema neno kuhusu kutoka kwake.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata baba yako sijamsimulia sawasawa. Unaijua ile kalenda nyuma ya mlango wa jikoni, iliyokuwa na alama za kalamu nyekundu kila Ramadhani. Zilikuwa siku zangu za kula, siku sita mwaka huu, saba mwaka mwingine, na mwezi mzima mwaka niliojifungua wewe. Sala za siku hizo mwanamke hazilipi, lakini funga huilipa, na mimi nililipa Jumatatu na Alhamisi, nikifundisha darasa la kwanza na koo kavu, na mara nyingi Shaaban ilinikuta ningali na siku mbili tatu za deni. Zaidi ya miaka thelathini sikuwahi kuufunga mwezi mfululizo, nami nilikuwa nikila mhogo wangu jikoni mlango umerudishwa ili kaka zako wasione. Kisha ukaja mwaka ambao nilifunga tangu mwandamo mpaka mwandamo. Usiku wa Idi niliitazama kalenda haina alama hata moja, nikalia, na mpaka leo sijui vizuri kama nililia kwa furaha au kwa kuagana na kitu. Nadhani vyote viwili. Ila hofu, mwanangu, usiku ule haikuwamo.

Mambo mengine ni madogo. Mwakani ninatimiza miaka 55 na ninaweza kustaafu kwa hiari, lakini nitasubiri 60 ya lazima ikiwa magoti yataniruhusu, kwani watoto wa darasa langu sasa wananiita bibi na nimegundua jina hilo linanipendeza kuliko mwalimu.

La bibi yako si dogo. Tangu tulipomleta kutoka Pangani hafungi tena, na kila siku ya Ramadhani humpimia kibaba kimoja cha mchele wa fidia kwa ajili ya maskini, mchele ninaouchambua kwa miwani yangu. Anasali amekaa kitini. Ninapomwogesha huona haya, hugeuza uso ukutani, na mara nyingi huniita kwa jina la marehemu mama yako mkubwa. Mwanzo nilikuwa nikimsahihisha, naye anafadhaika, kwa kuwa kila nikimsahihisha ni kama nampa habari ya msiba upya. Hapo ndipo hofu yangu ilipo, nawe usiitafute kwenye mvi: naogopa siku ambayo wewe utanishika mkono bafuni na mimi nitakuita kwa jina lisilo lako.

Katika Suratul Ahqaf imetajwa dua ya mtu anayefikia miaka arubaini. Nimeisoma mara nyingi bila kuitazama, na ni juzi tu nilipoona kwamba mtu huyo anashukuru kwa neema alizopewa yeye na wazazi wake, kisha anamwomba Mola amtengenezee kizazi chake, yaani amesimama katikati, mkono huu kwa mama yake na ule kwa mtoto wake. Bado hujafika huko, una 29 tu. Hata hivyo nimekuandikia aya yenyewe kwenye karatasi ya pili, na ule unywele usiung'oe tena, maana utaacha kidonda bure.

Nimempa kondakta wa basi la kesho furushi lako, lina dagaa, kanga mbili na mchele. Mchele nimeuchambua mara mbili. Ningeandika zaidi, lakini bibi yako ameamka na anamwita dada yangu, nami siku hizi ndiye ninayeitika.

Mama yako