Maswali na majibu: ardhi ya mababu na hati za mkoloni

Babu yangu amezikwa hapa Kilifi, nami nimezaliwa hapa. Kwa nini naitwa skwota, yaani mkaaji asiye na hati?

Chanzo ni sheria ya mwaka 1908. Serikali ya kikoloni ilimtaka kila anayedai ardhi katika ukanda wa maili kumi wa Pwani ya Kenya, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, apeleke dai lake kwa msajili; isiyodaiwa ikawa mali ya Taji la Uingereza. Waliopata hati wengi wao walikuwa Waarabu, Waswahili na Wahindi, mtu mmoja mmoja. Wamijikenda, wenyeji wa Pwani hii, walimiliki kwa ukoo, na rejista ile haikuwa na nafasi ya ukoo. Kisha Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakakubaliana kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa. Bendera ikabadilishwa, rejista ikabaki ile ile. Hilo linaniuma kuliko yote.

Hata hivyo, njia ipo. Aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa uwazi, bila ruhusa ya mwenye hati, mfululizo kwa miaka 12, anaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi imtambue kuwa mmiliki. Ardhi ya umma haimo. Na angalia sana: ukilipa ijara, yaani kodi ya ardhi, umekubali kwamba unakaa kwa ruhusa, na dai lako linaweza kuanguka hapo hapo. Usitie saini karatasi ya mtu yeyote kabla hujaonana na wakili.

Naambiwa Wamaasai walitia saini wenyewe mikataba ya kuhama. Sasa wanadai nini?

Wanadai kilichoandikwa. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, ukawapa hifadhi mbili, yaani maeneo yaliyotengwa wakae wao, mojawapo Laikipia, kwa ahadi kwamba zitakuwa zao maadamu Wamaasai wapo duniani. Miaka saba baadaye, mkataba mwingine ukawatoa Laikipia ili walowezi waingie. Walipokwenda mahakamani, mwaka 1913 waliambiwa kwamba ule ulikuwa mkataba kati ya mataifa mawili, kwa hiyo mahakama haina mamlaka nao. Yaani walikuwa taifa siku ya kufungiwa mlango wa mahakama tu. Siku ya kuhamishwa na ng'ombe wao hakuna aliyewaheshimu kama taifa.

Waogiek, wenyeji wa Msitu wa Mau, si walishinda kesi?

Walishinda, tena mara mbili. Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilisema Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza Msitu wa Mau. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya jumla ya shilingi milioni 157.85 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena huko Narok. Mahakama haina askari wa kutekeleza amri zake. Kuitii ni kazi ya serikali, na serikali haijatii.

Ardhi ya jamii yetu haijasajiliwa. Kaunti inaweza kumpa mwekezaji?

Haiwezi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kaunti inaishika kwa niaba ya jamii, kama mdhamini tu, na imekatazwa kuiuza au kuihamisha. Lakini msibweteke. Mwombeni msajili wa ardhi ya jamii aitishe mkutano wa watu wazima wote wa jamii, akina mama na vijana wakiwemo, theluthi mbili wahudhurie, mchague kamati ya watu 7 hadi 15, kisha mpeleke maombi ya usajili.