Sindano Haiendi Kando

Nimeshona kanzu na sare za shule hapa Majengo, Mombasa, kwa miaka mingi. Kama una duka au kikundi ambacho watu wanajituma na bado mambo yanakwama, keti karibu na cherehani yangu kidogo.

Mhandisi Mjerumani Franz Reuleaux, katika kitabu chake cha 1875, aliieleza mashine kuwa ni vipande imara vilivyopangwa ili nguvu za asili zilazimike kufanya kazi kwa mwendo maalumu. Hilo neno "maalumu" ndilo lenye uzito. Mguu unakanyaga, kanyagio linapanda na kushuka, fimbo inaligeuza gurudumu, mkanda wa ngozi unaupeleka mzunguko juu, na sindano inashuka na kupanda. Basi. Haiendi kushoto wala kulia. Skrubu yake ikilegea, sindano ikacheza hata kwa upana wa unywele, ndoano ya chini inaukosa uzi na mshono unaruka. Na mguu wako unakanyaga vilevile kama jana!

Ramadhani moja tulikuwa mafundi watano, oda za Idi zimejaa hadi mlangoni. Kila mmoja alipokea wateja, akakata, akashona. Kanzu moja ilipunguzwa mikono mara mbili, na fundi wa pili hakujua kwamba mwenzake ameshapunguza. Mwenyewe, mzee wa makamo, alikuja usiku wa kuamkia Idi akaondoka mikono mitupu. Sijamsahau.

Baada ya sikukuu niliwaketisha wenzangu. Nani afanye nini, hilo kila mtu alikuwa na jibu lake. Swali lililotusumbua mpaka alasiri ni nani asiguse nini. Tukakubaliana: anayepokea oda hashiki mkasi, mkataji hapokei oda, na kitambaa hakitoki mezani bila karatasi ya vipimo iliyobanwa kwa pini. Anzeni hapo hata nyinyi, kwa makatazo machache yanayoeleweka.

Lakini watu si vyuma. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ikiisha uzi haisemi; utakanyaga hadi mwisho wa pindo ndipo ugundue. Mtu husema, akipewa nafasi. Mwanafunzi wetu mdogo kuliko wote ndiye aliyeona kanzu za watoto zinabana shingoni, akakaa kimya siku tatu kwa kuniogopa. Siku hizi, kabla ya adhana ya magharibi, tunaweka kazi chini tuzungumze, na yeye ndiye anayeanza.