Kabla ya kulipia MBA, soma tangazo la kazi

Kila baada ya mahafali, vijana waliosomea biashara Egerton na Maseno hufika ofisini kwangu na swali lile lile: MBA (uzamili wa biashara) au CPA (mitihani ya uhasibu)? Ukiwauliza vizuri, wengine wameshalipa karo ya muhula wa kwanza. Wadogo zangu, punguzeni haraka.

1. Chukua matangazo kumi ya kazi za fedha, ya kaunti na ya SACCO, upige mstari chini ya sifa. Nafasi za mhasibu hutaka CPA na uanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu Kenya. Uzamili huanza kutajwa kwenye ukurugenzi wa fedha, tena juu ya CPA(K), yaani CPA iliyokamilika, si badala yake. Anayetaka kutia sahihi ripoti za ukaguzi, MBA haitamsaidia.

2. Ukiamua MBA, jua kwamba darasani utapita. Utakwama kwenye tasnifu. Mada huwa ile ile: "Athari za usimamizi wa mikopo kwa faida ya SACCO mjini Nakuru." Pendekezo linapita, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, inatoka, hojaji zinachapishwa. Halafu meneja wa kwanza anauliza kwa nini akupe hesabu zake za miaka mitano. Wa pili anasema atakupigia. Muhula unaisha, karo inadaiwa tena, na mwanafunzi anaona haya kumwandikia msimamizi wake. Kimya hicho ndicho huzamisha watu, kwa sababu msimamizi angembadilishia mada kwa kikao kimoja tu. Tafuta data kwanza, mada baadaye! SASRA, msimamizi wa SACCO, huchapisha kila mwaka ripoti yenye mali na amana za SACCO. Benki Kuu hufanya hivyo kwa benki. Kampuni zilizo NSE, soko la hisa la Nairobi, hesabu zake ziko wazi. Jaza jedwali la miaka mitano, ukikuta lina mapengo, achana na mada hiyo mapema.

3. CFA, cheti cha kimataifa cha uwekezaji, ni ya mchambuzi wa hisa na hatifungani. Kazi hizo nyingi ziko Nairobi, na ada yake ni kwa dola.

4. CPA hufanywa Aprili, Agosti na Desemba. Omba msamaha wa pepa ulizosoma chuoni kabla ya kulipia mtihani. Na wewe wa kaunti, epuka Agosti: mwaka wa fedha umefungwa 30 Juni, taarifa zinangojwa kwa Mkaguzi Mkuu kufikia 30 Septemba, na hakuna bosi atakayekupa likizo ya kusoma wakati huo. Lipia Aprili, pepa tatu, basi.