Kirusi cha Mafua ya Ndege Huingiaje Ndani ya Seli?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninafuga kuku wa kienyeji na bata hapa Pongwe, Tanga. Nasikia mafua ya ndege yanaweza kumaliza kuku wa banda zima kwa siku chache, ilhali bata wengi huyabeba bila dalili, na binadamu huambukizwa kwa nadra. Kirusi chake huingiaje mwilini, na kwa nini hakiwadhuru wote sawasawa? – Mfugaji, Pongwe

JIBU: Ndugu mfugaji, juu ya kirusi hicho kumejaa protini iitwayo hemaglutinini, ambayo hunasa asidi ya sialiki, yaani sukari iliyo kwenye ncha za minyororo ya sukari inayofunika seli. Sukari hiyo huungana na mwenzake kwa namna kuu mbili, ambazo wataalamu huziita alfa 2,3 na alfa 2,6. Virusi vya ndege hupendelea ile ya kwanza, iliyo tele katika utumbo wa bata, lakini katika pua na koo la binadamu iliyotawala ni ya pili. Sisi tunayo alfa 2,3 pia, ila zaidi ndani kabisa ya mapafu. Hii ni sababu mojawapo ya H5N1, aina moja ya virusi vya ndege (H ni ya hemaglutinini), kuweza kuleta nimonia kali bila kuenea kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Mwaka 1997 huko Hong Kong watu 18 waliambukizwa, na 6 kati yao wakafariki.

Kirusi kikishanasa, seli yenyewe hukimeza ndani ya kifuko kidogo. Uchachu wa kifuko hicho huongezeka hadi pH ya karibu 5, na hapo hemaglutinini hubadili umbo, hudunga ncha yake katika utando wa kifuko, kisha hujikunja na kuvuta utando wa kirusi mpaka tando hizo mbili ziungane. Vipande 8 vya RNA, yaani chembe za urithi za kirusi, hupenya na kwenda kwenye kiini cha seli, ambako hunakiliwa.

Maelezo mengi huishia hapo, nami naona yanaruka jambo linalomhusu mfugaji kuliko yote: hemaglutinini haiwezi kufanya kazi hiyo kabla haijakatwa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini. Ile ya virusi hafifu hukatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa na utumbo tu, kwa hiyo maambukizi hubaki humo. Katika virusi vikali vya H5 na H7, mahali pa kukatwa pamebadilika kiasi kwamba furini, kimeng'enya kilichomo karibu katika kila tishu, hukata hapo bila shida. Ndipo kirusi huenea hadi kwenye moyo, ubongo na mishipa ya damu ya kuku. Bata wengi hustahimili hata baadhi ya virusi hivyo, japo si vyote, kwa hiyo bata mzima wa afya asikutulize, na ni vyema asilale banda moja na kuku.

Macho yetu nayo yana alfa 2,3. Mwaka 2003 nchini Uholanzi, wengi walioambukizwa kirusi cha H7N7 kutoka kwa kuku waliugua macho. Basi kuku mgonjwa usimchinje wala kumnyonyoa. Mwite afisa mifugo, na kama umekwisha kumgusa, usijipanguse uso kabla ya kunawa mikono kwa sabuni.