Miche ya bei nafuu mwisho wa masika: kagua mizizi kwanza

Dada yangu, umeuliza kama ununue miche ya parachichi iliyobebeshwa (yaani kijitawi cha aina bora kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine) ambayo kitalu cha hapo Moshi kinauza nusu bei kwa kuwa masika yanaisha. Nunua, ila usichague kwa kutazama majani tu. Majani yaliyopauka kwa kukosa mbolea hurudi, mizizi iliyoharibika hairudi.

Inua kiriba, ule mfuko wa plastiki wenye udongo ambamo mche umeoteshwa. Mche uliokaa sana kitaluni hupenyeza mizizi kwenye matundu ya chini mpaka ardhini, na ukinyanyuliwa inakatika. Mwombe muuzaji akuchanie kiriba kimoja uone ndani. Ukikuta mizizi minene imejizungusha kama kamba, au mzizi mkuu umejikunja chini, uache hata ukipewa bure. Mti wa namna hiyo unaweza kuanza vizuri, kisha ukadumaa au ukaangushwa na upepo. Mizizi myeusi inayooza ni mbaya zaidi, kwa sababu utaingiza ugonjwa shambani pamoja na ule udongo wake.

Halafu tazama pale ulipobebeshwa. Pawe pameshikana sawasawa, nailoni iliyofungiwa hapo isiwe inakaba shina, na machipukizi ya chini yake yaondolewe. Hayo ni ya ule mche wa chini uliobebeshwa, yataizidi nguvu Hass, aina ya parachichi uliyoilipia.

Mrefu usikubabaishe, chukua mfupi wenye shina nene. Kama huna maji ya kumwagilia kuanzia Juni, hamishia miche kwenye viriba vikubwa, itunze kivulini, upande mvua za vuli zikianza.