Kabla ya kuchora maktaba, jua watu wanatokea wapi

Maktaba ya kwanza niliyoshiriki kuichora ilikuwa na ngazi pana zilizotazama barabara kuu. Kwenye karatasi zilipendeza mno. Ilipofunguliwa ndipo nilipoona kwamba karibu kila mtu alitokea nyuma, kituo cha basi kilipokuwa, na huko nyuma tulikuwa tumeweka ukuta mtupu na mapipa ya taka. Wazee na watu waliobeba watoto walizunguka jengo zima kutafuta mlango. Haukupita muda, wafanyakazi wakaanza kuuacha wazi mlango wa dharura, na huo ndio ukawa mlango wa wasomaji.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi ya usanifu wa majengo, kakae kwanza kwenye kiwanja. Nenda asubuhi, nenda saa ambayo wanafunzi wanatoka shule, nenda siku ya mvua. Chora watu wanavyopita, pamoja na ile njia ya mkato iliyochimbika kwenye majani. Kiwanja cha mjini ni nadra kukosa wapita njia. Ukiiziba njia yao wataona umewanyang'anya. Ukiipitisha ndani ya jengo, umepata wasomaji ambao hawakuwa na nia ya kuingia.

Tazama maktaba kuu ya Seattle, Marekani, ya mwaka 2004. Kiwanja kina mteremko mkali, na barabara za pande mbili haziko usawa mmoja. Kila barabara ilipewa mlango wake, kila mlango kwenye ghorofa yake. Waliojenga maktaba kuu ya Calgary, Kanada, walikuwa na kazi ngumu zaidi: reli ya treni za mjini inapita palepale. Jengo, lililofunguliwa 2018, likainuliwa juu ya reli, na chini yake likaachwa lango kubwa la upinde ambalo mtu huweza kulipita akienda zake mtaa wa pili.

Sasa jiandae kwa mjadala wa milango. Mkutubi mkuu atataka mmoja tu, na msikilize, maana ana sababu: kila mlango unahitaji macho ya mtu, vitabu hupotea, na jioni anayefunga huenda ni mtumishi mmoja. Mimi huchora milango miwili au mitatu inayoingia kwenye ukumbi mmoja wa mbele, kisha geti la kukagua vitabu linakuwa moja, ndani zaidi. Ukumbini weka magazeti, viti, maji ya kunywa na vyoo. Asiyeazima kitu naye awe na haki ya kukaa hapo. Sanduku la kurudishia vitabu lifikike kutoka nje hata usiku. Oodi, maktaba ya Helsinki, Finland, nayo ya 2018, imebebwa na matao ya chuma kama daraja, hivyo ukumbi wake wa chini hauzuiwi na nguzo na uwanja wa nje ni kama unaendelea ndani. Si lazima uwe na fedha za matao. Ukumbi wa kawaida uliopangwa vizuri unatosha.

Kuhusu vioo, kuwa mwangalifu. Mchana, kioo kikitazamwa kutoka barabarani huwa cheusi au hurudisha taswira ya mtaa, kwa hiyo usiamini kwamba kioo peke yake kinaonyesha maktaba. Weka watu na taa karibu nacho: meza za kusomea, kona ya watoto. Rafu zikae mbali na jua. Maktaba ya taifa ya Ufaransa, Paris, iliweka vitabu kwenye minara minne ya vioo, na ikabidi mbao zipangwe nyuma ya vioo kuvikinga vitabu na jua.

Wa kiti cha magurudumu apite njia ileile ya wengine na afike kwenye kila rafu. Maktaba moja ya New York iliyofunguliwa 2019 ilisifiwa sana, kisha ikalalamikiwa kwa sababu rafu za riwaya zilikuwa kwenye ngazi zisizofikiwa na lifti.

Mwisho, viti vya nje. Wenye jengo watakuomba uviondoe wakiogopa watu watakaoshinda hapo. Usikubali upesi. Viweke chini ya paa, penye mwanga, mahali intaneti ya maktaba inapofika, uone watakaokuja kukaa hata milango ikiwa imefungwa.