Maswali yenu: Jumamosi isiyoisha

Shikamoo. Ni mtumishi, nimehamishiwa Dodoma, familia ipo Dar. Siku za kazi zinakimbia, lakini Jumamosi nikiwa chumbani Ilazo saa haziendi. Ni ugonjwa?

Marahaba. Si ugonjwa, ni upweke, na maswali kama lako yamekuwa mengi tangu wizara zianze kuhamia huku mwaka 2016. Akili ikikosa wa kuzungumza naye hubaki kuutazama muda, na muda unaotazamwa hurefuka. Mwaka 2020, Uingereza ilipowafungia watu ndani kwa sababu ya korona, mtafiti Ruth Ogden aliwauliza siku zao zinakwendaje. Miongoni mwa waliosema zinajikokota walikuwa wale wasioridhika na namna wanavyokutana na wenzao. Kilichohesabika hapo ni kuridhika, kwa hiyo kukesha baa na watu usiowajua hata majina hakutakufaa, wala kuperuzi simu kutwa. Jiunge na kwaya, darasa la dini, au kikundi cha mazoezi. Msalimu jirani mnayepakana ukuta. Hizi kuta ndefu tunazojenga Ilazo na Iyumbu zinatuharibia mji. Nanyi mnaopanga vituo vya kazi, acheni kuwatenganisha mume na mke miaka nenda rudi.

Ni kweli siku hizi siku zimefupishwa?

Hapana. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno. Siku ina saa 24, ileile ya babu yako.

Bibi yangu wa Mpwapwa analalamika mchana hauishi, lakini mwaka mzima anaona umepita kama upepo. Ameanza kuchanganyikiwa?

Hata kidogo, na msimwambie hivyo. Mchana anaupima ukiwa unapita, hana wa kuzungumza naye, lazima uwe mrefu. Mwaka anaupima kwa kumbukumbu, na siku zinazofanana haziachi cha kukumbuka. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre aliishi pangoni peke yake, bila saa, karibu miezi miwili. Alipotolewa tarehe 14 Septemba, yeye kwa hesabu zake alikuwa bado tarehe 20 Agosti. Giza na upweke vilimmezea wiki tatu na zaidi. Bibi yako naye yumo pangoni, ila lake limeezekwa bati. Wajukuu mnaotuma hela kwa simu mkadhani mmemaliza, nendeni Mpwapwa. Laleni huko siku mbili, mkalime naye karanga, mumwache asimulie mpaka achoke mwenyewe. Atakuwa na jambo la kukumbuka mwakani.

Nikiwa na mchumba saa tatu ni kama dakika kumi, nikiwa na bosi dakika kumi ni kama saa tatu. Si wote ni watu?

Ni watu, ila kwa bosi unajichunga kila neno huku ukingoja akuruhusu uondoke. Kungoja ndiko kunakorefusha.

Kwa nini vikao vya harusi hapa Dodoma vinatangazwa saa nane, vinaanza saa kumi?

Hilo halihusu hisia ya muda. Ni dharau kwa waliowahi. Anzeni saa nane na waliopo, na michango ipangwe bila waliochelewa.